Je, Wajua? Kitako cha Ganda Husema

Je, wajua kwamba baruti yote inayosukuma risasi moja ya bastola ya milimita 9 ina uzito unaokaribia ule wa punje moja ya mahindi? Si gunzi zima wala si konzi; punje moja tu. Ukitoka uwanjani huku kwetu Naitiri siku ya kupukuchua mahindi, huenda umebeba ndani ya soksi uzito wa baruti wa kutosha risasi tatu au nne. Mfano huu haujatoka mbali, kwa maana wanaojaza risasi wenyewe hupima baruti kwa kipimo kiitwacho punje. Kilianza zamani kwa punje ya shayiri, na hadi leo punje 7,000 ndizo ratili moja, kila punje ikiwa na gramu 0.065. Shayiri ni ndogo kuliko mahindi yetu, kwa hiyo punje tano hivi za kipimo hicho ndizo punje moja ya mahindi iliyokauka vizuri.

Nimeanza na punje kwa sababu ninayotaka kuisimulia ni mashine, na mashine hiyo ina tabia zile zile mbaya za mashine ya kupukuchua mahindi. Huko Marekani wako maelfu ya watu ambao jioni, badala ya kutazama mpira, huingia gerejini na kuyajaza upya maganda ya risasi waliyoyaokota kwenye uwanja wa shabaha. Wanafanya hivyo kwa kubana matumizi, na wengine kwa sababu wanapenda tu kuchezea vyuma. Huku kwetu, kati ya Kitale na Bungoma, mtu akiifunga mashine hiyo kwenye meza ya sebuleni bila idhini, jirani atakayebisha hodi wa kwanza atakuwa amevaa sare. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haimruhusu mtu kuwa na bunduki wala risasi bila cheti, na baruti nayo ina sheria yake ya vilipuzi, Sura ya 115. Lakini kujua si kosa.

Maneno kwanza

Je, wajua kwamba risasi ni jina la madini kabla ya kuwa jina la kitu kinachoua? Kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili hadi leo, risasi ni ile metali nzito, laini, ya kijivu, iliyomo kwenye betri za magari na kwenye vizito vya nyavu za wavuvi. Kwa kuwa goroli za bunduki zilimiminwa kwa metali hiyo, jina la metali likahamia kwa goroli, kisha likakimeza kitu kizima. Bunduki nayo ni msafiri. Kwa Kiarabu neno lake la asili ni la kokwa fulani. Kokwa ikawa goroli, na goroli ikalipa jina chombo kinachoirusha. Mzinga ni gogo lililotobolewa kati: ukiwatia nyuki unarina asali, ukitia baruti unabomoa ngome. Ndiyo maana naona jina la kiwanda cha jeshi kilichoanzishwa Morogoro, Tanzania, miaka ya 1970, yaani Shirika la Mzinga, ni miongoni mwa majina yaliyochaguliwa vizuri zaidi Afrika Mashariki.

Kisha kuna fataki. Mkenya akilisikia neno hili hufikiria mwaka mpya na mbingu zenye rangi. Mtanzania anaweza kumfikiria mzee mwenye gari anayewarubuni wasichana wa shule, kwa kuwa hiyo ndiyo maana lililopewa na kampeni ya redioni miaka ya 2000. Lakini wawindaji wa zamani waliita fataki kile kikombe kidogo cha shaba chenye dawa inayolipuka kikigongwa. Kabla yake kulikuwa na gumegume, bunduki iliyowaka kwa cheche ya jiwe, ambayo mwenyewe aliishindilia baruti kupitia mdomoni kwa mti. Fataki ndiyo iliyolistaafisha jiwe.

Basi risasi kamili ina vitu vinne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Kichwa huruka, baruti huungua, fataki hufa. Ganda hubaki. Ganda lina mdomo na lina kitako kama mtu, na limetengenezwa kwa shaba ya njano, mchanganyiko wa shaba nyekundu sehemu 70 na zinki sehemu 30. Mchanganyiko huo ulichaguliwa kwa sababu una ajabu moja: mlipuko ukitokea ganda hujitanua na kuziba kila upenyo wa chemba ili moto usimrudie mpigaji usoni, kisha mara hiyo hiyo hunywea kidogo ili liweze kutolewa. Chuma hakina adabu hiyo kwa kiwango kile. Ndiyo sababu ganda la shaba hujazwa tena na tena, nalo ganda la chuma hutupwa.

Mkono kama wa pampu ya kisima

Mashine za kujazia zina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1884 Mmarekani John Barlow alianza kuuza kifaa kilichofanana na koleo. Mwindaji alikitia mfukoni, na usiku kando ya moto akawa anajaza maganda yake moja moja. Mwaka 1943 Fred Huntington wa California alianzisha mtambo aliouita kwa herufi RCBS, na herufi mbili za kwanza ni jina la mnyama wa mawe anayefanana na pimbi wetu, kwa kuwa kifaa chake cha kwanza kilikuwa cha kufinyanga vichwa vya kumwinda mnyama huyo. Mwaka 1958 Richard Lee akaja na seti ndogo iliyotumia nyundo tu. Gonga, geuza, gonga. Halafu miaka ya 1970 Mike Dillon, rubani wa ndege za abiria za shirika la TWA, akaona watu wa kawaida wanastahili mashine iliyofanana na ya kiwandani, inayofanya kazi zote kwa mvuto mmoja. Aina hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza.

Fikiria mkono wa chuma kama ule wa pampu ya kisima. Chini yake pana sahani ya mviringo yenye mapengo, na kila pengo limeshika ganda kwa kitako. Ukivuta mkono, sahani hupanda na maganda yote huingia kwa pamoja ndani ya kalibu zilizoning'inia juu. Kwenye kituo cha kwanza ganda huzibuliwa fataki iliyokufa na kubanwa lirudi unene wake, maana lilipofyatuliwa lilivimba. Mkono unaporudi hupigwa fataki mpya kitakoni. Kituo cha pili mdomo hupanuliwa kidogo na baruti hushuka. Cha tatu huketishwa kichwa. Cha nne mdomo hubanwa, na risasi iliyotimia hutumbukia kikashani. Sahani ikishajaa, kila mvuto huzaa risasi. Mtu aliyezoea hutoa mia nne au tano kwa saa.

(Kalibu, kwa njia, ndilo neno la Kiarabu la kiolezo cha kumiminia metali, na wanaisimu wengi wanaona neno kaliba la Wazungu, la kupimia unene wa mtutu, lilitoka kwenye shina hilo hilo. Tumekuwa nalo miaka yote hiyo tukidhani ni lao.)

Sasa, je, wajua mashine hii huharibikaje? Karibu kila mara haiharibiki yenyewe. Mwulize yeyote anayezunguka na mashine ya kupukuchua mahindi kuanzia Ndalu hadi Tongaren: ikikwama, tazama kwanza kilichotiwa, kisha tazama aliyetia, chuma kitazame mwisho. Mkono wa mashine ukikataa kushuka, mgeni huusukuma kwa bega. Fundi huacha. Kule kukataa ni lugha. Pengine fataki imelala ubavu, pengine ganda halikukaa sawasawa kwenye pengo lake na mdomo wake unagonga ukingo wa kalibu, pengine ganda la kaka mdogo limejipenyeza. Kaka mdogo huyo ni risasi ya kaliba .380, ambayo ganda lake lina urefu wa milimita 17, ilhali la risasi ya milimita 9 ni 19. Unene wao unakaribiana mno. Kwenye ndoo ya maganda elfu moja yaliyookotwa uwanjani, macho hayawezi kuwatenganisha upesi. Mkono wa mashine huweza, kwa kuwa ganda fupi halifiki juu na kichwa chake hukaa hobelahobela.

Wenye bastola za .45 wana balaa lao. Viwanda vilizoea kuzitia fataki kubwa, kisha baadhi vikaanza kuzitia ndogo. Ganda la nje ni lile lile. Mashine iliyopangwa kwa fataki kubwa ikikutana na tundu dogo huisaga fataki, na fataki ni dawa inayolipuka kwa kugongwa, kwa hiyo hapo ndipo miwani ya kukinga macho hulipa gharama yake. Maganda ya jeshi nayo huja na fataki iliyofungwa kwa kukunjwa ukingo wa tundu, ili isichomoke ndani ya bunduki zinazopiga mfululizo. Usipouondoa mkunjo huo, fataki mpya haiingii. Mtu anaweza kulaumu mashine wiki nzima, kumbe kosa ni la mkunjo mwembamba kama ukucha.

Hitilafu inayokasirisha zaidi kuliko kuogofya ni ya sahani kutozunguka sawasawa. Ikichelewa nusu milimita, ganda halifiki chini ya kalibu. Mara nyingi chanzo ni punje za baruti zilizomwagika chini ya sahani, au fataki kuukuu iliyoanguka pasipostahili. Brashi na kitambaa huponya kuliko bisibisi. Nimesoma na kusikia malalamiko mengi ya mashine, na hilo la uchafu chini ya sahani lina wateja wengi kuliko vipuri vyote.

Baruti nayo ina tabia ya mahindi mabichi kwenye faneli ya kinu: hujifunga daraja. Juu faneli imejaa, unaiona kwa macho, lakini chini hapatoki kitu, kwa sababu punje zimeegemeana zikajenga dari. Baruti yenye chembe kubwa hufanya hivyo kuliko ile laini. Siku kavu kama za Januari huko Trans Nzoia, umeme wa msuguano hujikusanya kwenye plastiki na chembe hung'ang'ania kuta. Daraja likivunjika ghafla, ganda moja hukosa na linalofuata hupata zaidi. Hapo tumefika penye kifo.

Je, wajua kwamba risasi isiyo na baruti kabisa inaweza kuwa hatari kuliko iliyo nayo? Fataki peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu, ikakiacha humo. Mpigaji husikia mlio mdogo, pu, kama wa kizibo cha chupa. Akidhani risasi mbovu imepita na kuvuta tena, kichwa cha pili hukikuta cha kwanza kimeziba njia, na mtutu hupasuka au kuvimba kama nyoka aliyemeza yai. Kinyume chake ni ganda lililotiwa baruti mara mbili. Baruti ya bastola ni kidogo na ganda lina nafasi, kwa hiyo mara mbili huenea humo bila kumwagika. Risasi ya milimita 9 imewekewa kikomo cha shinikizo la ratili 35,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la Probox inayobeba watu kumi kwenda Kitale lina ratili thelathini na ushei. Ni zaidi ya mara elfu moja, kabla hujazidisha kitu.

Na makosa haya mawili yanapotokea, wakati wake ni ule ule: baada ya kukwama. Mashine imekwama, mtu ameondoa ganda lililopinda, ameizungusha sahani nyuma kidogo, simu imelia, amerudi. Je, ganda la kituo cha pili lilishatiwa? Kumbukumbu haina shahidi. Kanuni ya wenye kazi ni moja: likitokea lolote, toa maganda yote yaliyo kwenye sahani, mwaga baruti yake, anza upya. Hasara ni ya dakika mbili. Wengine hufunga kwenye kituo kimojawapo kifaa kinachopima kimo cha baruti ndani ya ganda, ambacho hupiga king'ora au hukataa mkono usishuke kabisa. Mimi ningeongeza taa inayomulika moja kwa moja ndani ya ganda. Jicho la mtu bado ni kifaa kizuri.

Mwisho wa yote hufanywa jaribio la kijijini kabisa: mtutu huchomolewa kwenye bastola, risasi iliyokwisha jazwa huangushwa ndani kwa uzito wake yenyewe. Ikilia ti! na ikitoka ukiugeuza mtutu, ni nzima. Isipolia, imenona mahali fulani.

Mmarekani wa Ulaya, Mwingereza wa Marekani

Fataki ziko za namna mbili, na kisa chake ni cha kuwapa vijana wa chemsha bongo. Moja ilibuniwa na Mmarekani Hiram Berdan, nyingine na Mwingereza Edward Boxer, wote wawili katika miaka ya 1860. Leo ubunifu wa Mwingereza ndio unaotumiwa Marekani, na wa Mmarekani ndio uliotapakaa kwa majeshi ya Ulaya na ya nchi zilizokuwa za Kisovieti. Fataki ya Boxer ina fuawe yake ndani yake mwenyewe, na ganda lina tundu moja la kupitishia moto katikati. Pini ya mashine hupita hapo na kuisukuma fataki nje. Kwa Berdan fuawe ni sehemu ya ganda lenyewe, na matundu ya moto ni mawili, kando. Pini ya mashine ikilijaribu ganda hilo hugonga ukuta na kuvunjika. Mwenye mashine aliyesikia kishindo hicho mara moja hujifunza kuchungulia ndani ya kila ganda.

Maganda ya AK-47 yaliyozagaa katika mipaka yetu ya kaskazini ni ya chuma yaliyopakwa shaba au rangi, na karibu yote yana fataki ya Berdan. Sumaku ya spika kuukuu inatosha kuyatambua. Kwa hiyo yule anayedhani wachunga ng'ombe wa huko hujijazia risasi usiku kama yule Mmarekani wa gerejini, anakosea. Risasi zao lazima zitoke kiwandani, na zikitoka kiwandani zina jina.

Jina liko kitakoni

Je, wajua kwamba kitako cha ganda huandikwa? Kiwanda hupiga herufi zake, mara nyingi na mwaka au kaliba. Jirani yetu wa Eldoret, umbali wa kilomita 70 hivi kutoka Kitale, ni Shirika la Viwanda vya Silaha la Kenya, lililoanzishwa rasmi mwaka 1997, nalo hutengeneza risasi za bastola za milimita 9 na za bunduki za kijeshi za 7.62 na 5.56. Maandishi yake kitakoni ni KOFC. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan wa taasisi ya Small Arms Survey, yenye makao Geneva, alichapisha ripoti kuhusu risasi zilizokuwa mikononi mwa raia Turkana Kaskazini. Alifanya kazi iliyoonekana rahisi: alisoma vitako. Sehemu kubwa, karibu nusu, zilibeba herufi za Eldoret, na ripoti ikaeleza kwamba zilipitia kwa polisi waliowagawia wafugaji ili wajilinde. Hakuna shahidi aliyeapishwa. Vitako vilitosha.

Wapelelezi husoma zaidi ya maandishi. Pini ya bunduki huacha kovu lake kwenye fataki, na kila pini ina kovu lake. Huko Chicago, tarehe 14 Februari 1929, watu saba walipigwa risasi na kuuawa gerejini, na maganda 70 ya kaliba .45 yakabaki sakafuni. Mtaalamu Calvin Goddard aliyatazama kwa hadubini, akasema yametoka kwenye bunduki mbili za Thompson, na baadaye zilipopatikana akazitambua.

Kabla ya Eldoret

Je, wajua kwamba wakubwa wa Ulaya waliwahi kuamua kwa karatasi kwamba Mwafrika abaki na jiwe? Tarehe 2 Julai 1890 ulitiwa saini Mkataba wa Brussels, ambao Zanzibar nayo ilikuwa miongoni mwa nchi zake. Ulizuia biashara ya bunduki za kisasa na risasi zake kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, yaani sehemu kubwa ya bara. Iliyoruhusiwa kuuzwa, kwa masharti, ilikuwa gumegume lenye mtutu laini. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa, na si uongo mtupu. Lakini wakati huo Mfaransa Paul Vieille alikuwa amekwisha buni baruti isiyo na moshi, mwaka 1884, na majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiikimbilia. Pengo kati ya jiwe na baruti hiyo ndilo walilokutana nalo babu zetu.

Katika nchi ya Wabukusu pengo hilo lilionekana mwaka 1895. Ofisa wa Kiingereza C. W. Hobley, aliyekuwa na kituo Mumias, aliongoza askari wa Kisudani pamoja na washirika wa Kiganda dhidi ya maboma ya Lumboka na Chetambe, hili la pili likiwa juu ya mlima jirani na Webuye. Mojawapo ya visa vya ugomvi ule ni bunduki zilizokuwa zimeingia mikononi mwa Wabukusu, ambazo serikali ilizitaka. Walikuwa na kuta za udongo na mahandaki, na walijua kupigana. Walichokosa ni kiwanda nyuma yao. Bunduki iliyoishiwa risasi ni fimbo ghali.

Miaka michache baadaye Mumias ile ile ikawa mlango wa msafara wa mwindaji wa Kiskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya nchi aliyowinda. Aliua zaidi ya ndovu elfu moja, wengi kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo wenzake waliicheka, kwa kuwa alikuwa amewapasua ndovu waliokufa na kujifunza ubongo ulipo. Kwa mtazamo wangu hilo si sifa hata kidogo, ila ni kweli.

Naitiri na maeneo ya jirani yakaja kuwa mashamba ya walowezi, na mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa ardhi wanajeshi wa Kiingereza waliotoka vita vya kwanza ndio uliowajaza wengi Trans Nzoia. Soko la Brigadier, kwenye njia ya Misikhu, bado limevaa cheo cha kijeshi. Upande wa pili, Malakisi, tarehe 10 Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati wa waumini wa Dini ya Msambwa, na watu 11 wakafa. Kiongozi wao, Elijah Masinde, alipelekwa uhamishoni Lamu.

Metali yenyewe

Narudi kwenye neno risasi, kwa sababu wanaojaza maganda nyumbani hujidhuru kwa njia wasiyoitazamia. Mtutu ukipasuka utasikika. Sumu ya risasi haisikiki. Fataki nyingi zina mchanganyiko wa metali hiyo, na moshi wake huganda ndani ya maganda kama vumbi. Wanapoyasafisha kwa kuyazungusha kwenye pipa lenye makapi ya kokwa au magunzi ya mahindi yaliyosagwa (ndiyo, magunzi, sisi huyachoma, wao huyanunua), vumbi hilo hupanda hewani. Mwenye busara hufanya kazi hiyo nje, hunawa kwa maji baridi kabla ya kula, na humweka mtoto mbali.

Kenya inaijua sumu hiyo kwa jina la mtaa: Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia risasi katika damu za watoto. Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua, aliupigania mtaa huo akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3.

Na je, wajua kwamba risasi nzima ikitupwa motoni kichwa hakiruki kama kilichotoka bundukini? Hakuna mtutu wa kukiongoza, kwa hiyo kichwa, ambacho ni kizito, husogea kidogo tu; ganda jepesi ndilo linalopasuka na vipande vyake huruka, pamoja na fataki. Vipande hivyo hupofusha. Kwa hiyo jembe lako au trekta likiinua risasi ambayo kitako chake hakina alama ya pini, usiigonge kwa nyundo kuijaribu, usiitupe jikoni, usimpe mtoto achezee, wala usiitie mfukoni ukaende nayo sokoni kuuliza bei. Weka kijiti mahali ulipoiona, mwite chifu au piga 999, waje kuichukua wao.